Siku Waliyokwenda Kisiwani

Atupele ni nesi katika kituo kimoja cha afya mjini Sumbawanga, mzaliwa wa Tukuyu aliyeolewa Ufipani. Majirani zake wa mtaa wa Chanji wanamjua kwa mwendo wa haraka na kwa kutopenda kulalamika. Mwaka huo likizo yake ilipofika hakwenda kwao. Alipaka rangi sebule, akapalilia maharage nyuma ya nyumba, na muda uliobaki aliutumia kumwangalia mama mkwe wake, ingawa ungemuuliza angekataa kwamba anamwangalia.

Mama huyo, Cornelia, alihamia kwao kutoka Mpui baada ya kufiwa na mumewe. Felisian, mwanawe, alikuwa bwana shamba kule Kaoze, bondeni, na nyumbani alifika kwa nadra. Mjukuu, Rose, alikuwa shule ya bweni. Nyumba ikabaki ya wanawake wawili, na walipatana vizuri. Lakini tangu mvua zianze, bibi alikuwa anatia chumvi mboga iliyokwisha kutiwa chumvi. Alitafuta jembe huku amelishika. Siku moja katikati ya wiki Atupele alimkuta uani amevaa nguo za kanisani, anasubiri kengele. Felisian alipopiga simu kuuliza habari, mkewe alimjibu kwamba mama hajambo. Yeye ambaye kazini hupokea wazee wa namna hiyo kila siku, nyumbani kwake alisema ni uzee tu.

Siku ya mwisho ya likizo alijisikia vibaya kwamba hawajatoka hata mara moja. Akachemsha mahindi, akajaza chai kwenye chupa, akamvalisha mama sweta, wakapanda bajaji hadi kwenye bustani ya kisiwani.

Ni mahali ambapo mto unagawanyika pembezoni mwa mji, unazunguka kipande cha ardhi, kisha unaungana tena. Pamepandwa nyasi na mikaratusi, pamewekwa mabenchi ya saruji, na watu huingia kwa daraja jembamba la mbao lililofungwa kwa waya. Mjini hapakuwa na mvua asubuhi hiyo, ila juu ya milima ya Mbizi wingu zito lilikuwa limekaa tangu alfajiri bila kusogea. Mlinzi, Isdori, aliwaambia mto ulijaa usiku, wasishuke upande wa chini. Aliongea huku akitazama milimani, siyo wao.

Walikaa. Mama alifurahi kwanza, akala hindi lake, akauliza ni nani mwenye shamba hili aliyeacha nyasi zikashinda mazao. Atupele akacheka. Kisha mama akageuka na kumtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekaa naye kwenye foleni.

"Dada, wewe ni wa nani?"

"Ni mimi, Mama. Atupele. Mke wa Felisian."

"Felisian bado mdogo," mama alisema kwa upole. "Hajaoa."

Atupele alimimina chai, nusu ikamwagikia kidoleni. Aliutazama mto, maana alihitaji kutazama kitu kingine, na hapo ndipo alipoona maji yamebadilika rangi. Yalikuwa yamekuwa mekundu na mazito, yanakokota mabua ya mahindi, ndala ya mtoto, kipande cha mlango. Muungurumo nao ulikuwa umeongezeka pole pole kiasi kwamba hakuna aliyekuwa ameusikia ukianza.

Isdori akapuliza filimbi. Watu wakaanza kukusanya vitu bila kelele, kila mmoja akiangalia daraja. Jirani yao wa benchi la pili, Sauda, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa na wajukuu wadogo na mikono haikumtosha. Atupele alimbeba mmoja hadi darajani, akamkabidhi, akarudi mbio. Benchi lilikuwa tupu. Chupa ya chai ilikuwa pale pale, imefungwa vizuri.

Alizunguka mikaratusi, akauliza watu, wakatikisa kichwa. Akashuka upande wa chini, ule waliokatazwa. Viatu vya mama vilikuwa vimepangwa pamoja kwenye nyasi. Mwenyewe alikuwa amekunja kitenge, maji yanamfika magotini, anasogea ndani huku akiongea Kifipa peke yake. Atupele hakukijua vizuri, lakini alielewa: amechelewa, watoto wako ng'ambo, hawajala.

"Mama!"

Hakugeuka. Atupele aliita tena, na tena. Mwishowe akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, akamwita mama mkwe wake kwa jina.

"Cornelia!"

Mama akageuka.

"Watoto wameshavushwa," Atupele alisema, akiingia majini kwa hatua ndogo. "Wako kwangu. Wanakula. Njoo tuwafuate."

Mama alifikiri. Maji yalimyumbisha. Kisha akanyoosha mkono, kama mtu anavyomnyooshea asiyemjua lakini amemwamini.

Walipofika darajani maji yalikuwa yanapita juu ya mbao. Isdori aliwashika mmoja baada ya mwingine, naye akavuka wa mwisho. Hawajafika mbali, waya wa upande mmoja ukakatika, daraja likalala kwenye maji, likabaki linapigwapigwa. Watu walisimama wakitazama, wala hakuna aliyepiga yowe.

Jioni Atupele alimpigia mumewe, akamweleza yote, na yale aliyoyaficha. Felisian akasema kwamba mama aliwahi kumuuliza kwenye simu yeye ni mtoto wa nani. Hakumwambia mkewe. Alikuwa amejiambia ni simu, haisikiki vizuri.

Asubuhi Atupele alikwenda kazini na mama, akamkalisha kwenye benchi la wagonjwa karibu na dirisha la dawa. Daktari alimpima, akamweleza Atupele mambo ambayo Atupele mwenyewe amekuwa akiwaeleza watoto wa wazee wengine kwa miaka.

Sasa Lydia, binti wa ndugu yao wa Mpui, anakaa nao, na mlango umewekewa komeo juu. Zipo asubuhi mama anamwita mkwewe Mama Rose na kumtuma kuleta ulezi. Zipo nyingine anamkaribisha kiti kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mvua ikinyesha, husimama mlangoni na kuuliza kama maji yamepungua. Atupele humjibu bado, naye hurudi kukaa.

Felisian ameomba uhamisho. Majibu hayajaja, na milimani mawingu yameanza kukaa tena.