Nyumba ya Choo Kimoja

"Nimekunywa, mwanangu." Hivyo ndivyo baba mkwe alivyokuwa akinijibu kila nikimuuliza kama amekunywa maji, na kila mara glasi ilikuwa mezani, imejaa vilevile nilivyoiacha.

Alikuja kwetu Kitengela kutoka nyumbani kwao magharibi mwa Kenya kwa sababu ya mawe ya figo. Hospitali ya Nairobi ilimpa siku ya kurudi kuvunjwa hayo mawe, na kabla siku hiyo haijafika ilibidi akae karibu. Daktari alitukalisha chini, mimi na mume wangu, akatuambia bila kuzunguka. Mzee anywe maji kutwa nzima, anywe mpaka mkojo uwe mweupe, na akisikia haja asijizuie. Asipokunywa figo zitaharibika, na figo zikishaharibika hazitengenezwi. Mume wangu anafanya kazi Nairobi, anatoka kabla ya jua na kurudi giza likiwa limeingia. Mimi ni fundi wa nguo, cherehani yangu iko hapo sebuleni kando ya dirisha. Kwa hivyo kazi ya kumnywesha mzee iliniangukia mimi.

Mwanzoni nililaumu maji yenyewe. Maji ya mfereji hapa kwetu yanatoka kisimani na yana chumvi, sabuni haitoi povu na sufuria zinaota utando mweupe. Mtu aliyezoea maji ya chemchemi lazima ateme. Nikanunua mtungi wa maji matamu, nikayachemsha, nikayapoza, nikamwekea na limau ndani. Wapi! Nikajaribu chai, akagusisha midomo tu. Uji, akasema ameshiba. Kufikia hapo hata ugali alikuwa anaumegamega tu, kijitonge hapa kijitonge pale, kisha ananawa mikono na kushukuru kwa adabu nyingi.

Nilikasirika, jameni. Mimi wazazi wangu walitoka Murang'a, nimezaliwa hapa hapa Kajiado, na najua vile watu wa upande wa mume walinong'ona alipooa mtu wa kabila lingine. Nikajiambia huyu mzee ananiogopa. Eti nitamwekea kitu kwa chakula! Nilikuwa nakanyaga cherehani kwa hasira hadi uzi unakatika.

Halafu nikaacha kukasirika, nikaanza kuogopa. Midomo yake ilipasuka. Miguu ilivimba, akawa anavaa viatu bila kufunga kamba. Akiinuka kwenye kochi alishika ukuta na kusimama kidogo, macho yamefungwa. Nilikuwa nikishona huku nikisikiliza pumzi zake, na akinyamaza sana nageuka haraka kuangalia kama kifua kinapanda. Niliogopa kumwambia mume wangu, "Baba yako amenifia mikononi."

Nikampigia mama mkwe simu.

"Mama, mzee hanywi maji. Hali chakula. Nimeshindwa."

Akaniuliza, "Mko na vyoo vingapi hapo?"

Nilidhani hajanisikia. "Kimoja, Mama. Cha ndani."

"Cha kukalia?"

"Cha kukalia."

"Woi, mwanangu," akasema, na sauti yake ikashuka. "Akalie mahali wewe mke wa mwanawe umekalia? Hapa kwetu hata cha shimo, cha wazee ni cha wazee na cha watoto ni cha watoto. Huyo hataingia hapo. Heri afe."

Mimi nimekulia nyumba za kupanga, choo kimoja cha shimo kwa ploti nzima, unapiga foleni na karatasi mkononi ukisalimia majirani. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba choo kinaweza kumkataza mtu kunywa maji. Nikaangalia kochi alilolalia mzee, kisha mlango wa choo chetu, ambao unafunguka kuelekea kochi hilo hilo, hata ukivuta karatasi inasikika. Huyo mzee alikuwa ameketi mbele ya mlango huo siku zote hizo, ananisikia nikiingia na kutoka, na aibu inamkausha. Na ile safari yake ya alfajiri, aliyosema ni ya kunyoosha miguu, kumbe ndiyo ilikuwa safari ya haja. Alikuwa akivuka barabara ya vumbi na kwenda kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, mahali mbuzi hulishwa.

Mume wangu nilimwambia jioni hiyo hiyo. Alishika kichwa. "Haki, nilisahau," akasema. "Nimekaa huku mjini hadi nikasahau." Akaketi na babake, wakazungumza kwa lugha yao kwa sauti ya chini. Mzee akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kesho yake glasi ikabaki imejaa.

Basi mvua ikanyesha. Asubuhi moja nilitoka chumbani nikakuta blanketi limekunjwa vizuri na mzee hayuko. Nikachemsha chai. Chai ikapoa. Nikateremka ngazi hadi getini, na mlinzi wetu, Mmaasai wa kutoka Kisaju ambaye hunichangamkia kwa salamu yao ya "sopa" hata kabla sijafika, leo hakusalimia.

"Mama, mzee wako amevuka kule kitambo," akasema. "Nilikuwa nakuja kukuita. Fisi wamekula ndama wa jirani jana, hapo tu."

Ngai, Mungu wangu! Nilikimbia na slipa. Udongo wetu mweusi ukinyeshewa hauachi mtu, kila hatua unabeba kilo ya matope, mwishowe nikaacha slipa hapo na kwenda miguu mitupu. Nilikuwa naita "Baba! Baba!" na wakati huo huo naogopa kumpata, maana je, nikimkuta amechutama? Nitaangalia wapi? Na je, nisipomkuta?

Nilimpata ameketi kwenye matope, ameegemea jiwe la mpaka wa kiwanja. Kiatu kimoja kilikuwa kimenaswa nyuma yake. Alikuwa anatetemeka na ngozi yake inachoma kama sufuria. Aliponiona alivuta koti akajifunika magoti, na akageuza uso. Hata hapo, mgonjwa hivyo, aibu ndiyo ilikuwa mbele.

Mlinzi alikuja tukambeba. Hospitalini walimtundikia maji ya mshipa, na daktari wa zamu, msichana mdogo mwenye macho ya usingizi, akaniita kando. Mkojo umeingia wadudu, akasema, na mwili umekauka. Figo bado zinafanya kazi lakini zimechoka. "Mkimrudisha hapa tena hivi, tutakuwa tunaongea habari ya mashine ya kusafisha damu." Nilitaka kumwambia ni choo, ni choo tu. Nilikaa kwenye benchi na matope yangu miguuni nikalia.

Walipomruhusu kurudi nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Mambo kama hayo huwezi kumwambia mkwe usoni, kwa hivyo nilitafuta mtu mwingine wa kuambiwa, mzee asikie. Nilinunua kikalio kipya cha choo, bado kiko kwenye nailoni, na kumwita fundi wa bomba. Mzee akiwa kwenye kochi anaangalia, fundi akang'oa kile cha zamani na kufunga kipya. Nilikuwa nimesugua sakafu na kuta hadi mikono ikachubuka. Nikatoa mswaki wangu, taulo, beseni, kila kitu changu. Kisha nikasema kwa sauti, nikimwangalia fundi:

"Fundi, funga vizuri. Hiki ni cha mzee na mwanawe. Mimi natumia kile cha chini, na kuoga naogea chumbani."

Fundi akanishangaa. "Sawa, mama," akasema. Mzee alikuwa anaangalia dirishani. Lakini jioni hiyo nilipopita, glasi ilikuwa tupu. Nikaijaza. Nilipopita tena ilikuwa tupu. Niliingia chumbani nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa machozi.

Sasa hicho cha chini. Ni choo cha shimo kando ya geti, kilichimbwa wakati wa ujenzi kwa ajili ya mafundi, na hakuna aliyekumbuka kukifukia. Udongo wetu haunywi maji, kwa hivyo mvua ikinyesha shimo linajaa na uchafu unapanda hadi unauona. Mlango wa bati haufungiki. Kuna waya, unauzungusha kwenye msumari na kuushikilia kwa mkono. Taa hakuna. Kando yake kuna jiwe refu ambalo vijana hukalia jioni wakivuta sigara na kucheza na simu.

"Sista, si ni mara ya tatu leo?" mmoja aliniambia, na wenzake wakacheka. Nilipita nikijifanya sijasikia. Mwili mzima ulikuwa unanichoma.

Usiku mume wangu alinisindikiza na tochi. Mchana nilijikaza. Hatari ilikuwa ile saa ya katikati, jua likizama na yeye bado yuko njiani. Jioni moja nilikuwa ndani, nimeshika waya, mlango ukavutwa. Nikasema, "Kuna mtu!" Ukavutwa tena, polepole. Nikapiga kelele, "Kuna mtu!" Hakuna aliyejibu, na sikusikia hatua zikiondoka. Niliona tu kivuli cha viatu chini ya bati, vimesimama. Nilishika ule waya kwa mikono miwili hadi ukanikata. Sijui vilisimama kwa muda gani. Vilipoondoka nilibaki ndani, kwenye ile harufu, kwa sababu niliogopa zaidi kutoka.

Sikumwambia mtu. Ningesema nini? Mume wangu angeniambia nirudi kutumia cha juu, na mzee angerudi kwenye viwanja, kwenye fisi, kisha kwenye mashine. Kwa hivyo nilifanya kilichokuwa rahisi. Ikawa kila siku baada ya chakula cha mchana sinywi tena kitu. Chai ya saa kumi namimina, naiweka kando ya cherehani, inapoa hapo. Kichwa kiliniuma, nikasema ni joto. Nilianza kusikia moto nikienda haja, nikasema utapita.

Jioni moja, saa kumi na moja hivi, nilimpelekea mzee maji yake. Rangi ilikuwa imemrudia, na kamba za viatu zilikuwa zinafungika tena. Akanywa yote, akaniangalia midomo, iliyokuwa imekauka.

"Na wewe, umekunywa?"

"Nimekunywa, Baba."

Yalinitoka tu. Nilisikia mwenyewe nilichosema, na yeye akasikia. Akageuka akaangalia cherehani, akaona kikombe cha chai kimejaa, utando umeganda juu. Aliangalia kile kikombe kwa muda mrefu. Nilitamani sakafu inimeze.

Alimimina maji kwenye glasi yake mwenyewe, akanipa. Nikaipokea kwa mikono miwili, na alikiona kidonda cha ule waya kiganjani. Akangoja. Nilikunywa, na huku nikinywa nilikuwa naogopa, maana dirishani jua lilikuwa linaenda na nilijua hayo maji yataenda wapi. Nilipomaliza aliinuka, akachukua fimbo yake na koti, akatangulia mlangoni.

"Twende," akasema. "Mimi nitasimama."

Tulishuka ngazi pole pole, yeye mbele akishika ukuta. Chini vijana walikuwa kwenye jiwe lao. Mzee aliupita mlango wa bati bila kuuangalia, akasimama hatua kadhaa mbele, amekipa choo mgongo, fimbo imechomekwa kwenye matope. Nikaingia. Nikazungusha waya na kuushika. Nikaangalia chini ya bati kama kuna viatu.

Kisha nikasikia sauti yake, ile sauti ambayo ndani ya nyumba ilikuwa ya kunong'ona.

"Vijana, ondokeni hapo. Aliye ndani ni binti yangu."

Nikasikia viatu vikiondoka.