Kivuli Kilichopita Kwenye Antena

Mume wangu alikuwa mtu wa picha safi. Alifanya kazi machimboni Kariandusi, kule wanakochimba udongo mweupe mwepesi kama unga, na kila jioni alirudi Nakuru nyusi nyeupe, masikio meupe, kama mtu aliyefufuliwa kabla hajaoshwa vizuri. Akishanawa na kula, aliketi mbele ya televisheni na kuanza kulalamika. Vipindi havikumhusu. Yeye alilalamikia rangi, mistari inayopita, na herufi zenye ukungu pembeni.

Alipenda mashine za zamani za gemu, zile za kuchomeka kaseti juu. Utotoni aliziona dukani tu, yeye akiwa nje ya kioo. Kufikia mwaka wa 2007 watu walikuwa wamezichoka, wakahamia za CD, naye akawa anaziokota kwa mafundi wa redio na kuzifufua. Nilimcheka mwanzoni. Baadaye nilijikuta nimejua mambo ambayo sikuwahi kuomba kujua.

Nilijua, kwa mfano, kwamba njia mbaya kuliko zote ya kuunganisha mashine ni waya wa antena. Mashine inajifanya stesheni, televisheni inaitafuta kama inavyotafuta stesheni nyingine, na njiani picha inaokota kila takataka. Afadhali ule waya wa njano wa video. Bora kabisa ni skati, plagi pana yenye pini nyingi inayopatikana kwenye televisheni zilizotoka Ulaya, kwa sababu inapeleka nyekundu, kijani na buluu kila moja kwa njia yake. Mashine yake nzuri ilitoka Japani, na kwa waya wa njano ilitoa picha nyeusi na nyeupe tu; televisheni yetu haikuelewa namna yake ya kutuma rangi. Jioni aliyomaliza kuunganisha skati, rangi zilikuja zote kwa mpigo.

"Mama, kuja uone," aliniita nikiwa jikoni. "Angalia ukingo wa hilo wingu."

Niliangalia. Kweli ulikuwa umekatwa kama kwa wembe.

"Sasa napunguza makali ya picha," akasema. "Wengi huongeza. Ukiongeza, TV inakuchorea mstari wenye haukuwa."

Nyumba yetu ilikuwa nusu ya nyumba. Mzungu fulani aliijenga ikiwa moja, wenye nyumba waliofuata wakaigawa kwa ukuta wa mawe, lakini paa lilibaki moja, na antena ilibaki moja, juu ya mti mrefu wa mkaratusi. Waya ulishuka darini na kugawanyika, mmoja kwetu, mwingine kwa jirani.

Jirani zetu walikuwa mume na mke, watoto wao, na baba mzazi wa yule mume, mzee aliyestaafu reli. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia hakikukunjika. Kilibanwa katikati ya mabehewa zamani. Mume wangu alipopata mashine nzuri, aliwapa watoto wale ile ya kwanza, ya bei rahisi, isiyojua njia nyingine ila antena. Tangu siku hiyo, wakicheza, mchezo wao ulipanda na waya wao, ukafika darini, ukashuka na wetu. Ukifungua ile chaneli ya gemu kwetu, uliwaona kama kivuli. Watoto walikimbia na kuruka. Halafu mzee alipewa zamu, na ungejua ni yeye: mtu wake alitembea hadi shimo la kwanza, akasimama pale ukingoni, akageuka, akarudi alikotoka. Kitufe cha kuruka kilikuwa upande wa kidole kile. Kicheko cha wajukuu kilipenya ukuta.

Mume wangu alikasirikia kivuli, si watoto. Alipohamia skati, kivuli hakikumfikia tena, nasi tukasahau kabisa kwamba chaneli ile ipo.

Kisha uchaguzi ukaja na kupita, na Januari ikafika na mambo yake. Binti yetu alikuwa kwa nyanya yake Subukia, barabara ikafungwa, akabaki huko. Machimbo yalisimamisha kazi. Mtaa wetu uligawanyika kwa namna ambayo sikuwahi kudhani mtaa unaweza kugawanyika, na jirani zetu wakajikuta upande usiotakiwa. Asubuhi moja lori la polisi lilisimama nje. Tulichungulia kwenye pazia. Tuliona magodoro, sufuria, watoto wakiinuliwa mmoja mmoja na kufunikwa kwa turubai. Tulimwona jirani akifunga kufuli kubwa mlangoni, akilivuta mara mbili kuhakikisha. Hakuangalia upande wetu. Lori likaondoka.

Kimya kilichofuata sikuwahi kukizoea. Ilikuwa mchana lakini mtaa ulikaa kama umezimwa. Mbwa hawakubweka. Moshi ulipanda mahali fulani upande wa chini, polepole, na jua lilipita ndani yake likawa la rangi ya chai. Nilijipata natembea nyumbani mwangu kwa vidole, kama mgeni, na zaidi ya mara moja nilisimama katikati ya chumba nikiwa na hakika kwamba kuna mtu amekohoa. Mume wangu aliniambia ni mabati yanayotanuka juani.

Siku chache baadaye, alasiri, nilikuwa nikitafuta taarifa ya habari. Stesheni zilikuwa zinapotea, nikawa nazungusha chaneli moja baada ya nyingine, kote nukta nyeupe zikichezacheza, mchele mtupu. Halafu mchele ukatulia kidogo, na ndani yake nikaona mtu mdogo anatembea.

Alikuwa hafifu, wa kijivu, na ukingo wake ulitetemeka. Alitembea kuelekea kulia. Hakukuwa na sauti.

"Baba watoto," nikaita. "Njoo."

Alikuja, akatazama, akacheka kidogo kwa pua. "Ni demo. Walitoka mbio, wakasahau kuzima. Ukiiacha hivyo inajicheza yenyewe, ndiyo watu waone vile gemu iko."

Maelezo yalitosha, na bado sikuondoka mbele ya kioo. Nyumba tupu, kufuli nje, na ndani yake mashine inacheza peke yake. Tuliendelea kutazama. Mtu mdogo alifika kwenye shimo. Akasimama ukingoni. Alikaa pale muda mrefu hivi kwamba nilidhani picha imeganda. Kisha akageuka, akarudi.

"Demo huruka?" nikauliza.

Mume wangu alipiga magoti mbele ya kioo kama anayetafuta kasoro. Mtu mdogo alirudi tena hadi shimoni, akasimama, akageuka.

"Huruka," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Demo kila mara huruka."

Tulitazamana. Hakuna aliyelitamka jina la mzee, na hakuna aliyehitaji kulitamka. Nililikumbuka lile lori, nikajaribu kumwona akipanda, na sikumwona. Nilikuwa nimewahesabia wote ndani ya lori kwa sababu ya kufuli.

Hatukupata nafasi ya kuamua lolote. Geti liligongwa.

Walikuwa vijana wa mtaa waliokuwa wameweka kizuizi barabarani. Wengine walibaki nje na marungu yao. Mmoja, ambaye zamani alikuwa makanga wa matatu stejini, aliingia uani bila kungoja. Kila siku aliniamkia vizuri. Siku hiyo pia aliniamkia vizuri, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sasa mathe. Hapa kwa jirani kuna mtu?"

"Hakuna. Si unaona kufuli?"

"Naona." Alitazama kufuli, akatazama madirisha, akatazama bomba la maji. "Kuna mtu anasema alisikia kitu huko ndani."

"Ni mabati," nikasema. "Yanatanuka."

Aliomba maji ya kunywa. Kumnyima maji kungesema mengi, kwa hiyo nilimpisha, naye akasimama sebuleni kwetu huku mimi nikienda jikoni. Nilipogeuka na kikombe nilimwona anatazama televisheni. Mtu wa kijivu alikuwa bado anatembea.

Na mume wangu alikuwa ameketi kwenye stuli, pedi ya mashine yake ya Japani mikononi, vidole gumba vikibonyeza. Mashine yenyewe ilikuwa imezimwa. Taa yake ndogo nyekundu haikuwaka. Nilijua hilo, yeye alijua hilo. Vidole vyake vilibonyeza, na kwenye kioo mtu aliyeongozwa na mkono mwingine, nyuma ya ukuta, alitembea.

"Buda, hii ni ya kitambo," kijana akasema. Alikunywa maji akitazama. "Nilikuwa nacheza hii kwa cousin."

"Ni ya kitambo," mume wangu akakubali.

Mtu mdogo alifika shimoni. Akasimama.

"Ruka," kijana akasema.

Mume wangu alibonyeza. Nilisikia kitufe kikilia, tik, tik. Mtu hakuruka.

"Ruka, buda! Mbona huruki?"

"Hii button imekwama."

Nilikuwa namwomba mzee moyoni asigeuke. Aligeuka. Mume wangu, macho yakiwa kwenye kioo, alichelewa nukta moja, kisha akahamisha kidole gumba kushoto. Kijana alitazama mikono yake. Alitazama kioo. Nilisikia saa ya ukutani, ambayo huwa siisikii.

"Na picha ni mbaya, boss," akasema. "Mbaya sana. Huwezi ita fundi?"

Ninamfahamu mume wangu. Ungemtukana ukoo mzima angevumilia, lakini si picha. Skati ilikuwa pale nyuma, imeunganishwa, rangi zote zikingoja kubonyezwa swichi.

"Ni antena," alijibu kwa upole. "Antena yetu imeharibika."

Kijana aliweka kikombe juu ya meza, akanishukuru, akatoka. Kule nje nilisikia akiwaambia wenzake hakuna kitu. Sikujua kama aliamini au aliamua kuamini. Mpaka leo sijui, na nimewahi kukutana naye sokoni akanisaidia kubeba viazi.

Mume wangu hakungoja giza. Aliweka stuli juu ya meza, akasukuma kibao cha dari, akapanda. Dari ilikuwa moja kwa nyumba zote mbili. Ukuta wa mawe uliishia chini yake. Nilimsikia akitambaa juu ya kichwa changu, halafu nikamsikia juu ya upande wa pili, halafu sikumsikia. Kwenye kioo mtu mdogo alisimama katikati ya njia. Alibaki hivyo. Kisha picha ilikatika, ukabaki mchele.

Alimshusha mzee kupitia tundu lile lile, mimi nikipokea miguu. Alikuwa mwepesi kiasi cha kuogofya. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na mavazi yake yalinuka chumba kilichofungwa. Walipatana hivyo na mwanawe, alitueleza baada ya uji. Alikataa kuacha nyumba. Mwanawe akafunga kufuli nje ili ionekane tupu, akaahidi kurudi kesho yake. Barabara zikafungwa. Mkate uliisha. Mfereji hakuthubutu kuufungua sana kwa sababu mabomba yalilia.

"Na TV, mzee?" mume wangu akamuuliza. "Hukuogopa waone mwanga?"

"Nilitundika blanketi dirishani." Alishika kikombe kwa viganja vyote viwili. "Redio ningefungua, wangesikia. Hii nilizima sauti. Siku ya pili nilianza kuona vitu pembeni ya chumba. Watu wamekaa. Nikigeuka, hakuna. Nikasema nikiwa na kitu kinatembea mbele yangu, sitaangalia pembeni."

"Walikuwa nani?" nikauliza, na nikatamani nisingeuliza.

"Sikuwajua," akasema. "Walikuwa wananingojea tu."

Alikaa kwetu, chumba cha binti yetu, madirisha yamefungwa, mpaka polisi walipopita wakikusanya watu kuwapeleka uwanja wa maonyesho. Usiku wa kafyu nilikuwa nikiamka na kumkuta ameketi kitandani, ameupa ukuta mgongo ili aone chumba chote. Alipoondoka alimpa mume wangu mkono ule wenye kidole kigumu na kusema asante mara moja tu.

Mwanawe alirudi mvua zilipoanza, na pikapu ya kukodi. Alipakia vitanda, kabati, cherehani ya mkewe. Mume wangu alimsaidia. Walifanya kazi bila maneno mengi, kama wanaume wanavyofanya wakiwa na mengi. Mwishoni alitoka na ile mashine chini ya kwapa, waya wake ukiburuta, akataka kuturudishia.

"Mpelekee mzee," mume wangu akasema.

"Huko hakuna stima. Tuko kwa hema."

"Basi wapelekee watoto, kuna siku itakuwa."

Aliitazama mashine, akafungua mlango wa mbele wa pikapu, akaiweka juu ya kiti. Halafu aliniuliza, akiwa bado amenipa mgongo, kama baba yake alikuwa analia alipokuwa pale peke yake. Nilimwambia sikusikia kitu. Aliitikia kwa kichwa, akaingia garini, na gari likakataa kuwaka. Tulilisukuma, mume wangu na mimi, kwenye tope hadi kona, mpaka injini ikashika.