Bluu ya Mutheu

Leo nimeaibishwa na karatasi moja mbele ya darasa langu lote.

Mnajua mimi hufundisha usanifu. Nusu ya wanafunzi tuko nao studio hapa Upper Hill, nusu wako online.

Mutheu yuko online, kwao mtaa wa Satellite. Mara tatu nimemrudishia picha ya bango lake.
"Bluu yako ina manjano. Changanya tena."
Akachanganya mpaka rangi ikamwishia.

Leo asubuhi akaingia studio mwenyewe, bango mkononi.

"Madam, leo iangalie bila laptop."

Nikaiangalia. Bluu safi kabisa.
Nikafungua picha ya bango hilohilo kwenye laptop yangu. Manjano tupu.

Ouma wa dawati la mbele akachungulia skrini.
"Madam, si umewasha ile kitu ya kulinda macho?"

Nilikuwa nimeiwasha. Tangu muhula uanze!
Yaani mimi, mwalimu wa rangi, nimekuwa nikisahihisha watu kwa skrini ya manjano.

Lakini mnanijua, mimi sijifichi. Nimeizima hapohapo, nikawaambia hata wa online ukweli, na kazi zote nazisahihisha upya. Walimu wenzangu, kabla hamjanicheka, kaguaneni skrini.

Mutheu nikampa mkebe wangu wa bluu niliyoichanganya mwenyewe muhula huu nikifuata skrini, ule huwa sigawi na mtu.

Akaufungua. Akautazama. Akanitazama.

"Madam, sasa hii ndiyo iko na manjano."

Na kweli, ilikuwa nayo.