Ngazi ya Bunduki na Vifuu vya Zinga

Mume wangu wa kwanza, Mungu amsamehe, maana mimi bado sijamsamehe, alikuwa askari wa misafara ya pembe. Hiyo ni miaka ile kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo. Alikwenda bara na kurudi, na kila akirudi alikuja na maneno mengi kuliko mizigo. Safari moja akaja na bunduki mpya ya kutia risasi kwa nyuma, si gobori kama za wenziwe, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu Zinga hakukukalika. Bunduki ililala kitandani, mimi mkekani.

Juu ya mtutu wake palikuwa na kijingazi cha chuma, cha kulala na kusimama, na ndani yake kipande kidogo cha kuchungulia, kinachopandishwa na kushushwa kidato kwa kidato. Kazi yake naijua kama ninavyojua kukuna nazi. Risasi ikienda mbali huchoka, ikaanza kuinama. Ukikipandisha kile kipande, huna budi uinue mdomo wa bunduki ndipo uione shabaha, na risasi ikafika. Shabaha ikiwa mbali unapandisha, ikiwa karibu unashusha. Basi, hakuna uganga hapo. Lakini bwana yule alijiamulia mwenyewe kwamba ngazi ndiyo nguvu ya bunduki. Ukiiweka juu, eti risasi inakuwa kali. Ukiiweka chini, unapiga kike. Akakipandisha kipande mpaka kidato cha juu kabisa na kukiacha huko huko.

Jioni alijizoeza shambani. Kazi ya kusimamisha vifuu vya nazi juu ya kichuguu, kule mihogo inakoishia, ilikuwa yangu. Nikishasimamisha najibanza shimoni, naye anapiga. Risasi zilipita juu kwa juu, zikaenda kuchana makuti ya minazi ya jirani. Nikitoka na kusema, "Bwana, umekosa," nazabwa kofi, eti nimekiweka kifuu upande. Makofi mawili matatu yalinitosha. Baada ya hapo bunduki ikilia tu, natwaa jiwe, nakipasua kifuu mwenyewe, navipeleka vipande mbio mbio. "Umepata, bwana!" Lo, meno yote nje! Atawaita majirani waje wavitazame vipande, atavipanga barazani kama bidhaa. Na mimi shavu langu limepona.

Makofi niliyakwepa, lakini nyumba ile sikuweza kuikwepa. Nilimwomba talaka, akakataa. Nilikwenda kwa mwalimu wa dini wa Kaole, kwetu nilikozaliwa, naye bwana akaja akaapa kwamba ananilisha na kunivika, hana kosa. Nikarudishwa. "Kwangu utatoka na jeneza," aliniambia njiani, anacheka. Nilimchukia hata mate yalikuwa machungu kinywani. Sikutaka kitu kingine duniani ila kutoka, tena kwa miguu yangu.

Ndipo tajiri mmoja wa Bagamoyo akawa anatafuta mkuu wa askari wa msafara wake. Akasema atakayelipiga pipa kwa mbali, kwa risasi moja, ndiye. Pipa likapakwa chokaa, likasimamishwa Kaole, kule mchangani, maji yamekupwa, mbali hata likaonekana dogo kama kikombe. Watu walijaa. Wanawake tulikaa kando na vikapu vyetu vya chaza, tumejitanda kaniki. Wa kwanza alikosa, wa pili akakosa. Ilipofika zamu ya bwana wangu, mtu akacheka, "Huyu hodari wa vifuu!" Ah, mwenzangu, alivimba! Mbele ya tajiri, mbele ya yule yule mwalimu, akapaza sauti, "Nikilikosa pipa lile, mke wangu ameachika, talaka tatu!"

Wenzangu wakashika vinywa. "Masikini, mtoto wa watu!" Mmoja akaanza kunililia. Mimi nami niliogopa, lakini si kwa walilolililia wao. Nimpe haki yake, mkono wa mtu yule haukuwa ukitikisika. Ngazi ikikaa sawa, atapata. Akipata, narudi Zinga kungojea jeneza.

Hapo akasogea fundi wa bunduki, mzee mwenye huruma asizoombwa. "Bwana, ngazi umeiweka juu mno. Kwa mbali pale kidato cha tatu kinatosha. Shusha, usimponze mkeo."

Bwana wangu akalitazama pipa, akaitazama ngazi. Kidole chake kikagusa kile kipande. Wallahi, roho ilikuwa juu juu. Nilimwapiza fundi yule kimoyomoyo, yeye na huruma zake.

Kisha akageuka. "Kwa nini tubishane? Shahidi yuko pale. Mke wangu! Nyumbani ngazi naiweka wapi?"

Ufuo mzima ukanitazama.

"Juu kabisa, bwana."

"Na vifuu?"

"Hakikusalia hata kimoja, bwana. Vyote vimepasuka."

"Umesikia, fundi?" Akaondoa kidole. "Nishushe, mimi mtoto?"

Akapiga goti, akabana pumzi, akapiga. Risasi ililipita pipa kwa juu, ikarusha maji huko mbali baharini, yangeyange wakatawanyika. Pipa likakaa pale pale na chokaa chake. Naye, hamtaamini, akasimama akatamba, "Mmeona nguvu hiyo? Imepitiliza!" Tajiri alimtazama mwalimu, na mwalimu akasema talaka imepita, tena ni tatu, hakuna kurejeana.

"Nilikuwa natania, mwalimu."

"Talaka haina utani, bwana."

Uso ukamshuka. Wanawake wakanizunguka kunifariji, maana nimejifunika kaniki na mabega yanatikisika. Waacheni wadhani nalia.

Alinikuta nainua kikapu changu, niende kwa mama yangu. Bunduki ilikuwa begani, ngazi ingali imesimama. Hakutamba tena.

"Haiwezekani," alisema. "Ngazi ile ile, mkono ule ule. Na vifuu vilipasuka, wewe mwenyewe umeshuhudia."

"Vilipasuka, bwana," nikamwambia. "Kwa jiwe."