Maganda Mabichi Ukutani kwa Mama

Nimemkosea mama yangu mzazi, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nilikuwa na akili zangu timamu, tena nikiwa bwana shamba niliyesomea kazi!

Wakati ule watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa. Nyumba ya mama kule Lipingo, ziwani, ilibomolewa ili wakazi wasogee pamoja. Mimi nilikuwa kazini huku juu Mbinga, nikaona aibu mama yangu akaanze upya kwenye kibanda. Nikamchukua.

Mtu wa ziwani kumleta kwenye baridi ya milimani! Chumba chake kilikuwa upande wa kilima, ukuta wa matofali, mvua ikinyesha ukuta unatoka jasho. Mama alijikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Nikasema nitauvisha huo ukuta kabla kipupwe hakijatufikia.

Mke wangu, Mmatengo wa hapa hapa, alitaka tukandike udongo mzito. Nikamwambia nyumba ya serikali haikandikwi udongo. Mbao hazikupatikana. Basi nikachagua maganda ya mahindi. Ndiyo kwanza watu walikuwa wanavuna shamba la kijiji, na manyunyu yalikuwa hayajakatika.

“Baba Tumaini, subiri jua liyakaushe basi,” mke wangu alisema. “Hayo bado mabichi.”

Nilimcheka! Mimi niliyezunguka vijijini hadi Kitai, nikiwakaripia watu wasiingize mahindi ghalani kabla hayajakauka. Ghala za watu nilizijua. Chumba cha mama yangu sikukifikiria hivyo.

Nikapigilia fito ukutani, nikashindilia maganda, nikafunika kwa mikeka. Chumba kikapata joto kweli. Majirani walikuja kutazama, nami nikavimba kichwa.

Hazikupita wiki nyingi mama akaanza kukohoa. Siku moja aliniita.

“Mwanangu, ukuta huu unanuka. Nikigeukia huko nakosa pumzi.”

Nikajua anatafuta sababu ya kurudi ziwani. Na akirudi, watu watasemaje? Kwamba nimemfukuza mama yangu? Nikamjibu kwa ukali, “Mama, mshukuru Mungu una joto. Acha visingizio.”

Ole wangu! Akawa anasogeza kitanda chake kidogo kidogo kuelekea mlangoni. Nami kila jioni nakirudisha ukutani, eti kwenye joto!

Mikeka ikaanza kutoka madoa meusi, kwanza chini, halafu yakapanda. Mke wangu aliponionyesha nilisema ni moshi wa jikoni, nikatundika mkeka mwingine juu yake. Niliyaona madoa yale, wasomaji. Naapa niliyaona.

Kikohozi kikageuka kukoroma. Mama akawa anaongea neno moja moja, anapumzika, midomo imepauka. Tulipomfikisha hospitali, mganga aliniuliza analala wapi.

“Pazuri sana,” nikajibu. “Chumba cha joto.”

Mama hakutoka hospitali.

Tukamzika kwao ziwani. Tuliporudi Mbinga, mke wangu aliingia chumbani bila kunisemesha, akashika mikeka, akavuta. Vumbi jeusi likatumwagikia, sote wawili tukakimbilia nje tukikohoa. Ndani maganda yalikuwa yameoza, yamegandamana, yana ukungu wa manyoya. Pabaya zaidi palikuwa usawa wa mto wake wa kulalia.

Sikulia. Mke wangu alisema, “Alikwambia,” akaenda kutafuta jembe la kukwangulia ukuta. Toka siku hiyo nyumba yetu ina adabu, lakini haina mazungumzo.

Huko ziwani wananisifu hadi leo kuwa ndiye mtoto aliyemtunza mama yake. Dada yangu amempa mwanawe jina langu. Sijamwambia kitu. Nimeshindwa!

Ninyi mnaotaka kuzivisha kuta zenu kwa ajili ya baridi, nawaomba. Ukuta unaotoka jasho msiufunike kabla hamjajua maji yanatoka wapi. Na chochote mnachoweka, kikauke hadi kivunjike mkononi, hata kama baridi imeshafika mlangoni. Kandikeni udongo, hakuna atakayewacheka, na akicheka acheni acheke.

Lakini mzazi akikwambia chumbani hapumui, usianze kumtafutia nia. Mtoe humo kwanza. Mtabishana mkiwa nje, naye akiwa hai.