Minyaa Upande wa Chooni

Mji wa mama yangu, kijijini Didia, ulizungushiwa ua wa minyaa tangu sijazaliwa. Wengine huiita manyara: vijiti vitupu, majani ya kuhesabu, lakini kijani mwaka mzima. Kiangazi kikikolea, nyasi za mbugani huisha na mbuzi hutafuna hata makaratasi, ila minyaa hawaigusi, maana maziwa yake huunguza. Shomoro wanalijua hilo, humo ndimo wanamotaga.

Mimi niliionea aibu. Nimeishi Geita miaka mingi, nimezoea kuta za tofali, na kwa ujuaji wangu nikaamua kwamba mama anastahili ukuta. Nilipofika likizo nikamwamkia, nikamweleza.

"Huo ukuta ukianguka utaota tena?" akauliza.

Nikacheka. Nilidhani anatania tu.

Mchana ule alipojilaza, nikaanza na upande unaotoka mlangoni kwenda chooni. Nilikata minyaa yote ya upande huo kwa panga, uso nimeufunga kitambaa ili maziwa yasiniingie machoni. Katika yote niliyofunzwa utotoni kuhusu minyaa, nilikuwa nimebaki na hilo tu.

Mama akaamka, akatoka. Akanyoosha mkono wa kushoto pembeni, kama alivyokuwa akifanya kila nikija likizo nami nikidhani ni mazoea ya uzee. Mkono ukakosa kitu. Akasogea hatua mbili, akapapasa tena, akasimama katikati ya uwanja wake mwenyewe, jua linawaka, asijue aelekee wapi.

"Mama, huoni?"

"Naona mwanga," akasema. "Njia nilikuwa naishika kwa mkono."

Hakutuambia wanawe kwa sababu alijua tungemhamisha. Nikamshika mkono, nikampeleka, na nilipokuwa namngoja nje ya choo nikalia. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

Jioni nilichambua lundo nililolikata, nikatoa vijiti vizima na kuvichomeka kwenye ardhi kavu, karibu karibu, mpaka chooni. Minyaa haidai maji, huota hivyo hivyo.

Asubuhi mama akatoka peke yake. Nilisimama mlangoni, roho juu. Akapita akivigusa, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Katikati ya njia akasimama, akapapasa kijiti kimoja kutoka juu hadi chini, akatabasamu.

"Njoo hapa, mtu wa Geita," akaniita. "Hiki umekipanda kichwa chini."