Komeo la Bafuni

Mdogo wangu ni fundi wa kufuli, na kwa maneno ni bahili kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukimsalimia asubuhi, anakujibu kwa nyusi. Mtaani wanamwita Kimya. Mimi dada yake ninakaa kwake tangu nifiwe na mume, kwa hiyo naongea zamu yangu na yake.

Mwaka huu binti yake alianza kushikwa na hofu. Si hofu ya kitu, hofu tu. Asubuhi ya mtihani moyo unamwenda mbio, mikono inatoka jasho, basi anakimbilia bafuni na kujifungia. Wifi yangu akasema mtoto amedekezwa. Siku moja akamwita mumewe, naye akaja na bisibisi, akaufungua ule mlango kabla sijamaliza kupiga chafya. Tukasimama pale watu wazima watatu, tunamkodolea macho mtoto aliyekalia ndoo akitetemeka. Kimya akaifuta bisibisi kwa shati, akaenda zake dukani.

Tangu siku hiyo binti hakumsemesha baba yake. Kumnunia Kimya ni kazi bure, maana hutofautishi na siku nyingine, lakini mwenyewe aliona. Nilimkuta jikoni, chai imepoa mbele yake.

"Dada, mwanangu hanitaki tena," akasema. Iliniuma, sifichi.

"Ulimfungulia kama mteja," nikamwambia. "Yeye alikuwa hajakuita."

Kesho yake akaleta komeo zito la chuma, akalikaza kwa skrubu upande wa ndani wa mlango wa bafu, akaniambia niingie nijifungie, kisha akakaa nje akijaribu kulifungua kwa kila chombo alichonacho. Akashindwa. Akaridhika.

"Hili hata mimi siliwezi," akamwambia binti. "Ukifunga, umefunga."

Wifi akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu alikuwa ameutupa na wembe.

Ikafika siku ya mtihani wa kusimama na kuzungumza mbele ya walimu. Binti akavaa sare, akaingia bafuni, komeo likalia. Kimya akaleta kigoda, akaketi nje ya mlango.

"Baba, upo?" sauti ikatoka ndani.

"Nipo."

Kidogo tena: "Baba, upo?"

"Nipo."

Mwishowe akasema anataka kutoka, na komeo likagoma. Lilikuwa jipya, halijatiwa mafuta. Fundi mzima kasahau mafuta! Wifi akasema mlango uvunjwe, mtoto anachelewa. Kimya akakataa. Akalala kifudifudi, akapitisha bisibisi chini ya mlango.

"Limeshikwa na skrubu nne. Anza na ya juu."

"Mikono inatetemeka, baba."

"Iache itetemeke. Yangu ilitetemeka mwaka mzima nilipoanza kazi. Skrubu haijui."

Sijawahi kumsikia akisema mengi hivyo kwa mpigo, na hakuishia hapo. Shavu likiwa sakafuni, alisimulia alivyokuwa akitapika nyuma ya duka kila mteja mkali alipoingia, na alivyomdanganya mkewe kuwa ni maharage. Wifi akashika kiuno. Skrubu zikadondoka moja moja, mpaka mlango ukafunguka.

Binti akatoka amelowa jasho, akamkuta baba yake bado amelala chini.

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Niliona aibu."

Akamnyooshea mkono. "Amka, unisindikize."

Wakaenda, mzee na ndala zake za ndani. Mtihani aliufanya huku akitetemeka, akaumaliza. Bisibisi iliondoka naye mfukoni mwa sketi. Hajairudisha, na hajadaiwa.

Mlango wa bafu umebaki na matundu manne na haufungiki. Wifi anataka utengenezwe. Kimya anasema atautengeneza, na kila akipita hapo asubuhi anauliza, "Upo?"

Juzi aliyekuwa ndani ni mimi. Nikamjibu nipo.